Papasi na Askari wa Damu

Papasi si mgeni vijijini. Mchana hujificha katika nyufa za ukuta wa udongo, katika vumbi la sakafuni na chini ya mkeka. Usiku, watu wakishalala, hutoka, hunyonya damu kwa muda mfupi, kisha hurudi mafichoni. Aliyeumwa mara nyingi hana habari. Kupe wa ng'ombe hung'ang'ania ngozi siku kadhaa, lakini papasi hula na kuondoka kabla hakujapambazuka.

Hebu tujiulize. Damu ya mtu si maji ya mtungi, ina ulinzi wake. Mbona papasi huichota bila taabu? Ili kujibu swali hili, inatupasa kwanza kuujua ulinzi wenyewe.

Askari wa damu tunaowasikia mara kwa mara ni chembechembe nyeupe, na kingamwili ambazo mwili huzitengeneza baada ya kuugua au kuchanjwa. Lakini yuko wa tatu, naye ndiye hatajwi. Mwaka 1895 daktari kijana wa Ubelgiji, Jules Bordet, alikuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, Ufaransa. Alichukua maji ya damu, yaani yale ya manjano yanayobaki damu ikishaganda, kutoka kwa mnyama aliyechanjwa dhidi ya kipindupindu. Maji hayo yaliviua vijidudu vya kipindupindu. Bordet akayapasha moto kufikia nyuzi 55 hivi, joto ambalo halipiki hata uji. Nguvu ya kuua ikatoweka. Kisha akaongeza maji kidogo ya damu mbichi ya mnyama ambaye hakuchanjwa kabisa. Nguvu ikarudi!

Bordet akatambua kwamba kazi ile hufanywa na vitu viwili. Kimoja huletwa na chanjo, nacho hustahimili joto lile: hizo ndizo kingamwili. Cha pili kimo hata katika damu ya asiyechanjwa, nacho huharibika kikipashwa moto. Hicho cha pili baadaye kiliitwa komplementi, maana yake kitu cha kukamilisha. Kwa kazi yake juu ya kinga ya mwili, Bordet alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1919.

Siku hizi inajulikana kwamba komplementi si kitu kimoja. Ni protini zaidi ya 30, nyingi zikitengenezwa na ini, nazo huzunguka katika damu kana kwamba zimelala. Kijidudu kikiingia, protini moja huamka ikaamsha nyingine, nayo ikaamsha nyingine, kama vile mbiu ya mgambo inavyopita nyumba kwa nyumba. Baadhi hujibandika juu ya kijidudu kama chapa juu ya ng'ombe, ili chembechembe nyeupe zikitambue na kukimeza. Mojawapo huitwa C5, nayo ndiyo tunayoihitaji katika habari yetu. Mbiu ikiifikia, C5 hukatwa vipande viwili. Kipande kimoja huita chembechembe nyeupe, na mahali pale huvimba na kuwa na joto. Kipande cha pili huanza kujenga tundu katika ngozi ya kijidudu, na kijidudu hupasuka.

Sasa turudi kwa papasi. Mwaka 2005 mtafiti Miles Nunn na wenzake, nchini Uingereza, walieleza juu ya protini waliyoipata katika tezi za mate ya papasi wa Afrika, huyu huyu tunayemfahamu. Protini hiyo huishika C5 isikatwe. Basi askari hawaitwi na tundu halijengwi. Papasi anakula kwa raha zake.

Watafiti walilipokea jambo hili kwa hamu, kwa sababu komplementi ikikosa kizuizi huweza kuumiza mwili wenyewe. Kuna watu wenye ugonjwa wa nadra ambao komplementi hupasua chembechembe nyekundu za damu yao wenyewe. Protini ya papasi imetengenezwa katika maabara ikajaribiwa kwa wagonjwa kama hao. (Asije mtu akadhani kwamba kuumwa na papasi ni dawa!)

Maana papasi hali peke yake. Humwachia mtu kijidudu cha homa ya papasi, chenye umbo la kizibuo. Mwingereza Dutton na Mkanada Todd walithibitisha mwaka 1905, huko Kongo, kwamba papasi ndiye mwenezaji. Wote wawili waliugua, na Dutton akafariki huko Kasongo akiwa na umri wa miaka 30. Kijidudu hicho huitwa kwa jina lake. Nacho pia kina hila dhidi ya komplementi: hujipaka protini ya damu yetu ambayo kazi yake ni kuwaambia askari, "huyu ni wetu, msimguse." Ni kama mwizi aliyevaa sare ya mgambo. Tena hubadili koti lake kila kingamwili zinapolizoea. Ndiyo maana homa huondoka siku chache kisha ikarudi.

Homa hii hufanana sana na malaria. Imejulikana miaka mingi katikati ya Tanzania, hasa Dodoma. Kwa mama mjamzito ni hatari kubwa: mimba huweza kuharibika, au mtoto akazaliwa kabla ya wakati na akafa. Kwa hiyo ziba nyufa za ukuta na sakafu, inua kitanda, kitenge na ukuta, na tumia chandarua chenye dawa. Homa ikirudi baada ya kupoa, nenda zahanati upesi na umweleze mganga kwamba unalala nyumba yenye papasi, ili damu yako ipimwe kwa darubini. Dawa zipo, kama penisilini na tetrasaiklini, lakini mganga ndiye atakayechagua, kwani tetrasaiklini haimfai mjamzito. Saa chache baada ya dozi ya kwanza mgonjwa huweza kutetemeka sana na homa ikapanda. Hapo vijidudu vinakufa kwa wingi kwa mara moja. Usikimbilie nyumbani ukisema sindano imekudhuru. Kaa hapo hapo zahanati, uangaliwe mpaka hali itulie.