Breki ya Mwisho: Usiku Mmoja na Mpwa Wetu Buruburu



Mwezi uliopita dada yetu, mjane anayekaa mtaa wa Buruburu, Nairobi, alitupigia simu. "Kaka," alisema, "mpwa wako amezama katika mchezo wa mbio za magari. Njoo umuase, ama nitaliuza hilo dude." Tukapanda gari moshi, nasaha zetu zikiwa tayari.

Mashine hiyo ya PlayStation, pamoja na usukani wake uliokwisha kutumika, aliiletewa na kakaye afanyaye kazi Qatar. Mama aliipokea kwa shingo upande. Aliona afadhali mwanawe acheze sebuleni kuliko katika vibanda vya michezo vilivyojaa mitaa ya Eastlands, ambako vijana wengine huwekeana fedha na ashindwaye hulipa. Hiyo ni kamari, na mama alifanya vyema kuikimbia.

Baada ya sala ya isha tuliketi nyuma ya kijana, umri wake miaka 17. Mchezo wenyewe ni Gran Turismo, uliotoka mara ya kwanza nchini Japani mwaka 1997. Unao wasaidizi wengi. Kuna mstari wa rangi barabarani uonyeshao njia na mahali pa kushika breki, kuna msaada uzuiao tairi kuzunguka bure dereva akanyagapo mafuta, kuna mwingine uzuiao gari kuyumba, na kuna ule uzuiao tairi kujifunga kwenye breki, uitwao ABS.

Kijana alikuwa ameuondoa mmoja baada ya mwingine. Alianza na mstari wa rangi, kwa kuwa humfanya mtu atazame rangi asitazame barabara. Badala yake alijiwekea alama zake: kibao cha mita 100, kivuli cha mti, mwisho wa ukuta. Kisha akaondoa kizuia kuyumba, akafuatisha kizuizi cha mafuta. ABS aliiacha hadi mwisho. Katika daftari lake tuliona kwamba kila alipoondoa msaada mmoja, muda wake uliharibika kwa siku kadhaa, kisha ukarudi pale pale, na mara nyingine ukapita.

Tulimwuliza sababu ya kujitesa. Akatueleza kwa utulivu kama mwalimu: "Mjomba, tairi ina nguvu moja tu ya kushika lami. Ukiitumia yote kwa breki, haibaki ya kupinda." Ndiyo maana hukanyaga kwa nguvu gari likiwa limenyooka, kisha huiachia breki kidogokidogo kadiri azungushavyo usukani. Tairi za mbele zikijifunga, usukani huwa mwepesi mkononi na gari huteleza moja kwa moja hata ukiuzungusha vipi. Dawa yake ni kulegeza mguu kidogo mpaka tairi zizunguke tena. Kazi hiyo ABS huifanya yenyewe mara nyingi katika sekunde moja; kampuni ya Bosch iliiingiza katika magari ya Mercedes mwaka 1978.

Nasi tuliendeshao barabara ya Malindi miaka 25 tukaomba kujaribu. Kona ya kwanza tulikwenda ukutani, dada yetu akacheka hadi machozi. "Mjomba," alisema kijana, "wakanyaga breki kama umgombezaye mtu."

Mama alipokwenda jikoni, kijana aliteremsha sauti. Baba yake alifariki miaka sita iliyopita katika barabara ya Mombasa, ndani ya gari kuukuu lisilo na ABS. "Walisema alama za tairi zilikuwa zimenyooka, mjomba. Baba alikanyaga breki. Nataka kujua mguu wake ulihisi nini, na kama ilikuwako njia."

Nasaha tulizokuja nazo hatukuzitoa. Tulimwambia kwamba ajali ina mambo mengi, na ajali ya baba yake haimo ndani ya mashine ile. Lakini tulimwomba amweleze mama yake maneno yale yale. Alimweleza usiku ule ule. Mama hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akaketi kwenye kiti cha mchezo na kuuliza breki ni ipi.

Hatutaki kuipamba mashine. Jann Mardenborough, kijana wa Uingereza, alishinda shindano la wachezaji wa Gran Turismo mwaka 2011, na mwaka 2013 alikuwa akishindana Le Mans kwa gari halisi. Lakini mwaka 2015, katika uwanja wa Nürburgring nchini Ujerumani, gari lake liliruka uzio na mtazamaji mmoja akafariki. Katika mchezo mtu hubonyeza kitufe akaanza upya; barabarani hakuna kitufe hicho. Mchezo huu hauna bodaboda ajitokezaye ghafla wala mtoto afuataye mpira. Na gari la nyumbani lenye ABS lisiondolewe ABS yake: hapo mtu hukanyaga kwa nguvu zote, asiachie, na kuushika usukani.

Tulipatana hivi. Mchezo baada ya masomo, saa moja tu. Adhana ikisikika, mashine huzimwa. Fedha haziwekwi kabisa. Na akitimiza miaka 18, mama atamlipia shule ya udereva.

Ndugu wazazi, chuoni mwalimu hutuonyesha herufi kwa kijiti, kisha siku moja hukiweka chini nasi tukasoma wenyewe, kwa makosa mwanzoni. Hakuweka kijiti na mswahafu kwa siku moja. Nasi tuwaachie watoto wetu jambo moja baada ya jingine, tuwe karibu wanapokosea. Na kabla ya kuuza dude lolote, tumwulize mtoto analitafutia nini. Dada yetu aliogopa mashine miezi mingi, na kumbe mwanawe alikuwa akimlilia baba.

Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, na awalinde wasafiri wetu wote. Amin.