Jezi ya Mpira na Maji ya Ziwa Kivu

Kila mwaka masomo yanapokaribia kufungwa, vijana wa parokia zetu na wanafunzi wa shule zetu hushindana katika mpira wa miguu. Ndipo humfikia Padri ombi lile lile: jezi mpya. Za mwaka jana zimechakaa, wasema. Au hazikuchakaa, lakini jina la mfadhili lililoandikwa kifuani ni la mwaka jana. Wazazi huchangishwa, fedha hupatikana kwa shida, na jezi hununuliwa. Si neno baya kijana avae vizuri anaposimama uwanjani kwa ajili ya parokia yake. Ila twapenda leo kuuliza maswali mawili yasiyoulizwa uwanjani: nguo hiyo imefanywa kwa kitu gani, nayo itakwenda wapi itakapokwisha kuvaliwa?

Wengi hudhani kwamba nguo yo yote hutoka shambani, yaani kwenye pamba. Sivyo ilivyo kwa nguo za michezo za siku hizi. Karibu zote hufumwa kwa nyuzi za poliesta, na poliesta hutoka katika mafuta ya petroli yachimbwayo ardhini. Waingereza wawili, Whinfield na Dickson, ndio waliovumbua uzi huo mwaka 1941. Kitu hicho hicho, kikiyeyushwa na kupulizwa ndani ya kalibu, huwa chupa ya maji ile tuinunuayo dukani. Basi chupa ya maji na jezi ya mpira ni ndugu wa tumbo moja, ingawa mmoja huheshimiwa na mwingine hutupwa mtaroni.

Kwa nini wachezaji waliiacha pamba? Kwa sababu pamba hunywa jasho na mvua. Mchezaji wa zamani aliyenyeshewa alikimbia amebeba mzigo wa maji mgongoni. Poliesta hainywi maji, hukauka upesi, rangi yake haififii haraka, tena bei yake ni ndogo. Hizo ni faida za kweli, wala hatupendi kuwadanganya vijana kwamba kila cha zamani kilikuwa bora.

Lakini urahisi huo wa bei umeleta tabia nyingine. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1974, Zaire ilipokwenda Ujerumani kushindana katika Kombe la Dunia, timu ya kwanza kutoka Afrika iliyo kusini ya Sahara. Jezi yao, iliyotengenezwa na Adidas, ilikuwa na kichwa cha chui kifuani. Mpaka leo watu wanaitafuta, na mifano yake ingali ikiuzwa. (Magoli kumi na manne waliyofungwa katika michezo mitatu watu hawapendi sana kuyataja, nasi tutayaacha hapo.) Siku hizi timu kubwa za Ulaya hutoa jezi mpya kila mwaka, tena si moja, bali mbili au tatu, ili mpenzi wa timu aione ya mwaka uliopita kuwa aibu. Ugonjwa huo umefika hata kwetu Kadutu na Bagira.

Wenye viwanda wameona hatari, nao wamejaribu dawa. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2010 kule Afrika ya Kusini, timu zilizovikwa na Nike zilicheza kwa jezi zilizofanywa kwa chupa zilizotumika, hata chupa nane kwa jezi moja. Chupa hizo zilikusanywa Japani na Taiwan, zikayeyushwa, zikasokotwa kuwa uzi. Kazi hiyo ni ya akili, nasi twaisifu. Hata hivyo haimalizi neno. Chupa iliyogeuzwa jezi haitarudi tena kuwa chupa, na jezi nayo ni vigumu kugeuzwa jezi nyingine. Mwaka 2017 shirika la Ellen MacArthur la Uingereza lilionyesha kwamba, katika vitu vyote vinavyotumika kutengeneza nguo duniani, havifiki sehemu moja katika mia vinavyorudi kuwa nguo mpya. Zaidi ya hayo, poliesta ikifuliwa hutoa vinyuzi vidogo visivyoonekana kwa macho. Huteremka na maji mpaka mitoni na maziwani, wala havioze. Wataalamu wamevikuta ndani ya samaki, na hata ndani ya miili ya wanadamu.

Sasa turudi nyumbani. Mtu wa Bukavu hana haja ya kusafiri ili aone chupa. Mvua kubwa ikinyesha, maji huporomoka kutoka milimani, hupita katika mitaro na makorongo, na kila kilichotupwa humo huchukuliwa mpaka Ziwa Kivu. Ziwani mkondo huzikusanya takataka na kuzipeleka mahali pamoja: kwenye mlango wa mto Ruzizi. Hapo chini, umbali mdogo tu, ndipo lilipo boma la umeme la Ruzizi ya kwanza, lililoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950. Chupa na mifuko huziba njia ya maji, mitambo husimama, na wafanyakazi hulazimika kuzitoa, hata kwa kuzamia majini. Umeme ukikatika, mgonjwa aliye katika chumba cha upasuaji huwa hatarini, na mwanafunzi husoma kwa mshumaa. Na mara nyingi mwanafunzi huyo ndiye aliyeitupa chupa yake mtaroni baada ya kunywa maji uwanjani.

Sheria ipo. Tarehe 30 Desemba 2017 serikali ilitoa amri ya kukataza kutengeneza, kuingiza na kuuza mifuko na vifungashio vya plastiki. Kila mtu aendaye sokoni anaweza kujionea mwenyewe jinsi amri hiyo inavyotiiwa.

Hapa Bukavu wako waliokataa kukaa wakilalamika. Karakana iitwayo Plastycor huokota plastiki ya ziwani na kuigeuza vikapu na vyungu vya maua, na akina mama hupata riziki kwa kazi hiyo. Kijana mmoja atauliza: mbona basi tusizigeuze chupa hizo kuwa jezi zetu wenyewe? Swali lake ni jema, linastahili jibu la wazi. Kusuka kikapu ni kazi ya mikono. Kufanya uzi ni kazi ya kiwanda kikubwa: chupa hutengwa rangi kwa rangi, huoshwa, hukatwa vipande vidogo, huyeyushwa katika moto wa digrii zaidi ya 250, kisha husukumwa katika matundu membamba kama ya sindano. Kazi hiyo yahitaji umeme usiokatika mchana na usiku. Na umeme wetu, kama tulivyoona, unazibwa na chupa zile zile. Kwa hiyo anayetuahidi kiwanda cha namna hiyo mjini kwetu, kwanza atuonyeshe atakavyousafisha mlango wa Ruzizi.

Si kwamba Kongo haikupata kufuma nguo. Tangu mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji iliwalazimisha wakulima kulima pamba, na pamba ililimwa pia katika bonde la Ruzizi. Jasho lao tusilisahau. Pale Albertville, iitwayo leo Kalemie, kiwanda cha Filtisaf kilisokota na kufuma. Mitambo yake imenyamaza siku nyingi sasa.

Mahali pa vitambaa vyetu pamechukuliwa na mitumba. Katika marobota yafunguliwayo sokoni Kadutu mna jezi za timu za Ulaya ambazo wenyewe wamezichoka. Maskini huvikwa kwa bei nafuu, na hilo si jambo la kudharau. Lakini fundi wa cherahani, awezaje kushindana na nguo ambayo mwenyewe wa kwanza aliitoa bure? Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuipunguza mitumba mpaka iishe mwaka 2019. Wamarekani walikasirika. Nchi nyingine zikalegea, Rwanda ikashika neno lake na kupandisha ushuru. Na Julai 2018 Marekani ikaiondolea nafasi ya kuingiza nguo zake huko bila kodi. Kongo yetu iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2022, ikaikuta habari hii haijakwisha.

Wako majirani waliotafuta njia ya katikati. Kampala, Uganda, karakana ya Buzigahill tangu mwaka 2022 hununua mitumba, huifumua, huikata na kuishona upya kwa ustadi, kisha huiuza kwa watu wa nchi zile zile ilikotoka. Kenya nako, kampuni ya Enda iliona ajabu kwamba wakimbiaji hodari wa dunia ni Wakenya na viatu vyao vyatoka ng'ambo. Ikaanza kutengeneza viatu vya mbio nchini mwao, na kile cha kwanza, kilichotolewa mwaka 2017, ilikipa jina la Iten, mji wa wakimbiaji.

Mfano wa Kampala ndio ulio karibu nasi zaidi, kwa maana hauhitaji kitu tusichokuwa nacho. Mafundi tunao. Cherahani nyingi za mji wetu ni za kukanyaga kwa mguu, hazingoji umeme.

Tufanye hesabu ndogo. Kundi lina jezi 18. Likinunua mpya kila mwaka, kwa miaka mitatu limenunua jezi 54. Likizitunza zile za kwanza kwa miaka mitatu na kumlipa fundi aziunge zinapochanika, limenunua 18 tu. Fedha za nyingine 36 zimebaki, na sehemu yake imeingia katika nyumba ya fundi wa mtaani. Mwaka 2025, mji ulipochukuliwa na M23 mwezi wa Februari na mabenki yakafunga milango, kila jamaa ilijifunza uzito wa faranga moja. Hatuoni sababu ya kuusahau uzito huo kwa ajili ya jezi.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, aliulaumu sana mtindo wa kutumia na kutupa, tena hakuona haya kutaja mambo madogo ya nyumbani, hata kuvaa nguo nzito zaidi badala ya kuwasha moto wa nyumba. Kwa hiyo Padri na walimu wasione ni jambo dogo mno kulizungumza na viongozi wa michezo.

Mashauri yetu ni haya. Jina la mfadhili na mwaka visichapwe juu ya jezi. Vishonwe juu ya kitambaa kidogo kiwezacho kufumuliwa. Namba zishonwe vivyo hivyo. Mwisho wa mashindano jezi zirudishwe zote, zihesabiwe, zitunzwe katika sanduku la parokia, si nyumbani kwa nahodha. Na kwa akina mama tuna habari njema: wataalamu wamepima, wakaona kwamba kufua kwa mikono hutoa vinyuzi vichache kuliko kufua kwa mashini. Maji ya kufulia yamwagwe juu ya udongo, mbali na ziwa na mitaro.