Je, Wajua? Karata ya 7 Ikatayo Mchezo

Je, wajua kwamba mchezo wa karata upendwao mno mjini Kampala, uitwao matatu (wala si gari la abiria la jina hilo), huweza kukatizwa ghafla hali mikono ya wachezaji ingali imejaa? Kila mmoja hugawiwa karata 7, na kwa desturi hushinda atanguliaye kuzimaliza. Lakini karata moja hufunuliwa na kulazwa chini ya fungu, na yeyote apataye nafasi ya kuiteremsha 7 ya aina ile ile huwa ameukata mchezo, hesabu ikafanywa papo hapo, na mwenye jumla ndogo akashinda, hata kama siye aliyekata. Ndiyo maana stadi hakawii kuzitoa ree na 2, zenye hesabu nzito, ingawa ndizo silaha zake: 2 humlazimisha hasimu kuokota karata mbili, na ree hubadili aina. Bahili wa karata hizo huangamia kwa hesabu.

Kola Studios, kampuni ya mji huo huo, iliutia mchezo huu katika simu mwanzoni mwa miaka ya 2010.

Dhiki ya wakati kama hiyo ya kuhofia mchezo kukatwa imo pia katika mashindano ya kasi ya poka mtandaoni, ambamo dau la lazima huzidi kila baada ya dakika chache, hata mwenye akiba isiyofika mara 10 ya dau kubwa hana budi kutia yote au kuziacha karata. Ila poka ya fedha ni kamari, na sheria ya Uganda ya mwaka 2016 yamkataza asiyetimiza miaka 25.