Chuo Kikuu Hujengwa Hatua kwa Hatua

Ndugu askari na ndugu polisi, sote twafahamu ya kuwa jeshi lisilo na busara hukimbilia kilele cha mlima kabla halijashika mabonde yaliyo chini yake. Jeshi lenye busara husonga hatua moja, huishika barabara, hupeleka maji, chakula na risasi, ndipo huinuka tena. Kanuni hiyo si ya vita peke yake. Leo tumeazimia kueleza jinsi majirani zetu wa Tanzania walivyoitumia katika ujenzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na jinsi inavyotuhusu sisi hapa Uganda.

Mwaka 1961 Tanganyika ilikuwa ikijiandaa kujitawala, lakini katika nchi nzima hapakuwa na chuo kikuu hata kimoja. Vijana wachache waliobahatika walikwenda Makerere au ng'ambo. Viongozi wangeweza kusema: tungoje, tukusanye fedha, tujenge kumbi na mabweni, kisha tufungue milango. Hawakungoja. Tarehe 25 Oktoba 1961, siku 45 kabla ya Uhuru, Chuo kilifunguliwa ndani ya jengo la chama cha TANU, katika mtaa uitwao sasa Lumumba. Wanafunzi walikuwa 14 tu, na somo lilikuwa moja tu, yaani Sheria. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke mmoja, Julie Manning, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri wa Sheria wa Tanzania.

Kwa nini Sheria? Wakati huo Makerere na Nairobi hazikuwa na kitivo cha sheria, na taifa changa lilihitaji mahakimu na mawakili wake lenyewe. Aidha, mwalimu wa sheria hahitaji maabara wala mitambo. Hutosheka na chumba, vitabu na wanafunzi wenye bidii. Hapa pana fundisho la kwanza: hatua ya kwanza ichaguliwe kwa kutazama haja iliyo kubwa na nyenzo zilizo mkononi.

Hatua ya pili ilikuwa kuhamia katika majengo mapya. Masomo yaliendelea mjini huku mafundi wakijenga juu ya mlima ulio umbali wa kilomita 13 hivi kutoka katikati ya Dar es Salaam, na mwaka 1964 Chuo kikahamia huko. Hata leo watu hupaita Mlimani. Mwaka huo huo masomo ya Sanaa na Sayansi za Jamii yakaanza, na mwaka 1965 yakafuata ya Sayansi. Kila askari aliyewahi kupiga kambi mahali papya anajua kwamba maji, barabara na mifereji ya maji machafu hutangulia, na hema la mkubwa huja baadaye. Mpita njia hutazama ukumbi mkubwa akausifu; hatazami bomba lililo chini ya ardhi. Lakini bomba likikosekana, ukumbi huo hauna faida.

Hatua ya tatu yapasa kuangaliwa sana, kwa maana haikujengwa Mlimani. Mwaka 1968 Tiba ilifanywa kitivo cha Chuo pale Muhimbili, penye hospitali, kwa kuwa daktari hujifunza kando ya kitanda cha mgonjwa. Kitivo cha Kilimo kiliwekwa Morogoro, ambako kilikuwako chuo cha kilimo tayari. Uhandisi, wenye kuhitaji karakana na mitambo ya gharama kubwa, ulianza mwaka 1973. Mjenzi mwenye akili hajengi upya kile ambacho nchi inacho tayari.

Matunda yake yakoje? Mwaka 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipogawanyika, Dar es Salaam ikawa na Chuo Kikuu chake kamili. Mwaka 1984 kile kitivo cha Morogoro kikawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na mwaka 2007 Muhimbili nayo ikawa Chuo Kikuu. Ni kama kombania iliyokuzwa vema hata ikawa kikosi chenye amri yake.

Hata hivyo, tusidanganyike kwamba matofali yakipangwa sawasawa kazi imekwisha. Mwezi Oktoba 1966, miaka miwili tu baada ya kuhamia Mlimani, wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa. Rais Nyerere aliwafukuza wanafunzi karibu 400 wa Chuo hicho na wa vyuo vingine vya mji ule, na wengi wao waliruhusiwa kurudi mwaka uliofuata. Kuta zilikuwa zimekwisha kusimama, lakini maelewano kati ya msomi na mwananchi anayemlipia masomo yalikuwa bado hayajajengwa. Hilo nalo ni jengo, na halina mkandarasi wa kukodishwa.

Sasa tutazame kwetu. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, nayo pia ilikuwa na wanafunzi 14, wakijifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Jengo lake kuu lilikamilika mwaka 1941. Chuo Kikuu cha Mbarara kilianza mwaka 1989 kwa masomo ya Tiba, kando ya hospitali. Chuo Kikuu cha Gulu kilianza mwaka 2002, wakati vita vya kaskazini bado havijakwisha na raia wengi walikuwa wakiishi kambini. Mwaka 2004 kikaongeza Kitivo cha Tiba. Ilimbidi mwanafunzi asome na askari alinde.

Tena, hatua iliyokwisha kushikwa yahitaji ulinzi. Usiku wa Septemba 2020 lile jengo kuu la Makerere liliungua, na Zimamoto wa Polisi wakapambana na moto huo. Kazi ya miaka mingi iliteketea kwa saa chache, na jengo halikufunguliwa tena hadi mwaka 2024.

Ndugu zetu, wengi wetu tuna watoto wanaotazamia kuingia vyuoni. Tukiona chuo kipya chenye jengo moja lililokamilika na mengine yakiwa misingi mitupu, tusikicheke. Tuulize maswali matatu: je, jengo hilo moja linafanya kazi? Je, hatua ifuatayo inajulikana, na fedha zake zipo? Je, kilichokwisha kujengwa kinalindwa? Majibu yakiwa ndiyo, basi chuo hicho kinasonga mbele. Yakiwa siyo, hata kuta mia moja zitakuwa ngome isiyo na askari ndani yake.