Injini Imebadilishwa, Gari Haliwaki: Kagua Nyaya Kabla ya Kununua Kipuri

Msimu wa korosho unapofunguliwa kuanzia mwezi Oktoba, magari ya mizigo na abiria katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, huwa na kazi nyingi. Korosho husafirishwa kutoka vijijini hadi kwenye maghala, zikisubiri minada kupitia Chama Kikuu cha Ushirika RUNALI, kinachohudumia wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Gari linapolala gereji wakati huo, hasara humfikia mwenye gari, dereva na mkulima aliyekuwa akilitegemea.

Injini inapochakaa, wamiliki wengi huamua kununua injini iliyotumika kutoka Japani badala ya kuifanyia matengenezo makubwa ile ya zamani. Mara nyingine, kazi ya kuifunga ikishakamilika, ufunguo huzungushwa, stata ikazungusha injini vizuri, lakini gari lisiwake. Katika hali hiyo ni rahisi kuilaumu injini na kuanza kununua koili, pampu ya mafuta au kontroli boksi. Hata hivyo, injini iliyokuwa nzima kabla ya kufungwa huweza kukataa kuwaka kwa sababu tu waya mmoja haukuunganishwa mahali pake. Kwa hiyo, kanuni ya kwanza ni kupima kabla ya kununua.

Upimaji huanzia kwenye betri. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban volti 12.6 gari likiwa limezimwa, na haipaswi kushuka chini ya takriban volti 9.6 stata inapozunguka. Kinachofuata ni waya wa athi. Injini hukaa juu ya mipira, hivyo umeme hauwezi kurudi kwenye betri bila waya mnene unaounganisha injini na bodi au betri. Waya huo husahaulika kwa urahisi wakati wa kubadilisha injini, au hufungwa juu ya rangi na kutu. Fundi anaweza kuweka mita kati ya chuma cha injini na kichwa hasi cha betri wakati stata inazunguka. Usomaji unaozidi nusu volti ni dalili kwamba athi ni dhaifu.

Hatua ya pili ni umeme unaotoka kwenye swichi ya ufunguo. Baadhi ya nyaya za swichi hiyo, zikiwamo za redio, hukatiwa umeme ufunguo unapofika kwenye nafasi ya kuwashia, ili nguvu ya betri ielekezwe kwenye stata. Koili au kontroli boksi ikiunganishwa kwenye waya wa aina hiyo, injini itazunguka bila cheche. Dalili yake ni injini kutaka kuwaka pale tu dereva anapoachia ufunguo. Taa ya kujaribia ikiwekwa kwenye waya chanya wa koili, inapaswa kubaki inawaka muda wote stata inapozunguka.

Hatua ya tatu ni mawasiliano kati ya kontroli boksi na koili. Katika injini nyingi za petroli za Toyota, kontroli boksi hutuma amri ya kutoa cheche kupitia waya unaoitwa IGT, kisha hupokea jibu kupitia waya wa IGF kwamba cheche imetolewa. Jibu lisipofika, kontroli boksi husitisha unyunyizaji wa petroli. Ndiyo maana gari linaweza kuonekana halipati mafuta ilhali pampu ni nzima na tatizo lipo kwenye waya. Sensa ya kranki yenye nyaya mbili nayo inahitaji uangalifu, kwani nyaya hizo zikibadilishana nafasi, cheche huweza kutoka kwa wakati usio sahihi.

Magari yenye ufunguo wa kielektroniki yana sharti la ziada. Kontroli boksi iliyotoka kwenye gari jingine isipoutambua ufunguo, injini huweza kukataa kuwaka au kuwaka na kuzima papo hapo. Mnunuzi anashauriwa kuchukua injini pamoja na kontroli boksi yake, fungu lake la nyaya, ufunguo wake na kifaa kinachousoma ufunguo huo.

Kwa injini za dizeli, ambazo hazina plagi za cheche, ukaguzi huelekezwa kwenye hita na, kwa zile zenye pampu ya kawaida, waya wa valvu inayofungua na kufunga mafuta. Valvu hiyo isipopata umeme, injini haitawaka.

Usalama usipuuzwe katika kazi hii. Fyuzi inayoungua mara kwa mara isibadilishwe kwa kubwa zaidi wala kwa kipande cha waya, kwa kuwa joto litahamia kwenye nyaya na gari linaweza kuungua. Cheche isijaribiwe kwa kushika waya wa plagi kwa mkono, kwani koili huzalisha maelfu ya volti. Maungio yachomwe risasi na kufunikwa vizuri, kwa sababu waya uliosokotwa na kufungwa gundi pekee hulegea kwa mtikisiko na kushika kutu mvua zinapoanza. Moto ukitokea, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Gari likishawaka, bado kuna wajibu wa kisheria. Kadi ya gari huonyesha namba ya injini, hivyo mmiliki anapaswa kuwasilisha mabadiliko hayo Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ili kumbukumbu zirekebishwe. Ni muhimu kutunza risiti na nyaraka za ununuzi wa injini, kwa kuwa namba isiyolingana na kadi huweza kuzua maswali wakati wa ukaguzi au gari linapouzwa.

Kwa upande wa mafundi waliojifunza kazi gereji bila kupitia chuo, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Mwenye gari naye amwombe fundi mchoro wa nyaya zilizounganishwa, hata kama umechorwa kwa mkono, na autunze ndani ya gari. Fundi atakayefuata atajua pa kuanzia.