Mgeni, Mlendo na Mteja: Lugha ya Ukarimu katika Biashara ya Utalii baina ya Dzaleka na Lilongwe

Makala haya yanafafanua tofauti za kitamaduni zinazojitokeza pale watu wa mataifa mbalimbali wanaposhirikiana katika utalii. Mfano wetu ni kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, takribani kilomita 45 kutoka Lilongwe. Kambi hiyo ilianzishwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, na wakazi wake wengi wametoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zao kuu za mawasiliano. Tangu mwaka 2014, Tamasha la Tumaini limewavuta wageni kambini, na baadhi yao hulala katika nyumba za wakimbizi.

Kwa mtazamo wa haraka, wenyeji wa pande zote mbili wanaelewana. Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wachewa nao husema, "Mlendo ndi amene amadza ndi kalumo kakuthwa", yaani mgeni ndiye ajaye na wembe mkali. Methali zote mbili humwona mgeni kuwa mleta nafuu. Hata hivyo, hakuna inayotaja bei, na hapo ndipo ugumu unapoanzia. Kwa kampuni ya Lilongwe inayosafirisha watalii, anayelala Dzaleka ni mteja: kitanda na chakula ni huduma zenye thamani inayohesabika. Kwa mama wa Kikongo anayempokea, huyo ni mgeni, na kumdai mgeni fedha ya chakula alichokwisha kula ni aibu. Akinyamaza, kimya chake huweza kufasiriwa kuwa ridhaa.

Athari za kutoelewana huko hazilingani. Sera ya Malawi huwataka wakimbizi wakae kambini, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi nje ya kambi warejee Dzaleka. Hivyo, si rahisi kwa mwenyeji kwenda Lilongwe kudai haki yake.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili na Kichewa, si kwa Kiingereza pekee, na yasomwe kwa sauti mbele ya wahusika. Pili, malipo yakamilishwe kabla ya mgeni kufika, ili mwenyeji asilazimike kutaja bei mlangoni pake. Tatu, ruhusa ya kupiga picha iombwe kwa kila mtu, kwa kuwa mkimbizi aweza kuwa na sababu ya kuficha sura yake.

Mgeni na mlendo ni maneno yanayomtaja pia mtu asiye wa mahali hapo. Mkimbizi wa Dzaleka anakaribisha wageni ilhali yeye mwenyewe angali akiitwa mgeni. Mkataba wa haki hauna budi kuzingatia hali zote mbili.