Kishikwambi kwa Mwalimu, Kitabu kwa Mtoto

Mtazame mtoto wa darasa la pili akikutana na neno kama "hawakumsindikiza". Huliwekea kidole, akalikata silabi moja baada ya nyingine mpaka alimalize, kisha akaendelea na mstari. Kwenye karatasi kidole kinamsaidia. Kwenye kishikwambi, mguso huohuo unaweza kufungua ukurasa mwingine au kukuza maandishi, naye akabaki anatafuta alipoishia.

Mtoto akishajua kusoma, bado chombo kina uzito wake. Mwaka 2018, Pablo Delgado na wenzake walichambua tafiti 54 zilizohusisha watu zaidi ya 170,000 wa rika mbalimbali. Kwa jumla, waliosoma kwenye karatasi walielewa zaidi, hasa waliposoma maandishi ya maarifa na waliposoma kwa muda uliopangwa. Kwa hadithi tupu, tofauti haikuonekana. Maelezo mojawapo ni kwamba kioo kimetuzoesha kupitia maandishi juujuu, halafu tukaamini tumeelewa.

Je, vishikwambi havina nafasi shuleni? Vinayo, ila tuulize kwanza avishike nani. Huko Kisumu, Benjamin Piper na wenzake walilinganisha njia tatu katika madarasa ya chini: kuwapa vishikwambi maofisa wanaotembelea shule kuwashauri walimu, kuwapa walimu wenyewe, au kumpa kila mwanafunzi kifaa cha kusomea. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kuwa njia zote ziliinua usomaji, lakini hakuna iliyozishinda nyingine kwa kiwango cha maana. Gharama ndiyo iliyopishana, kwani maofisa ni wachache na wanafunzi ni wengi.

Mpango wa Tusome, ulioanza nchini Kenya mwaka 2015, ulifuata njia ya maofisa: kila mtoto apate kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza, na ofisa aingie darasani na kishikwambi cha kumwongoza anapofuatilia somo na kumshauri mwalimu.

Shule yenye vishikwambi vichache basi ivitumie kwa yale ambayo kitabu hakiwezi: kusikiliza matamshi, au kutazama video ya mbegu inavyoota. Kifungu kirefu kisomwe kwenye karatasi. Na pale kioo kinapokuwa hakiepukiki, mwalimu asiridhike na jibu la "nimemaliza". Amwambie mtoto asimulie alichosoma.